Mstari Uliosogea

Mutheu aliacha cherehani katikati ya mshono, kola ya sare ya shule ikining'inia chini ya sindano, kwa sababu mumewe alikuwa amemwita kwa ile sauti yake ya chini ya kazi. Akavuta kigoda, akaketi kando ya Katoo mbele ya laptopu na kupangusa nyuzi zilizomganda kwenye sketi.

"Nisomee pale chini," Katoo alisema. "Kuanzia penye neno *if*."

Mutheu alisoma, neno kwa neno na alama kwa alama, jinsi alivyozoea kumsomea. Hakujua maana ya mengi kati ya yale aliyoyasoma. Alijua tu kwamba nukta ikiachwa mume wake huuma midomo.

"Hapo inasema, kama mgonjwa amefariki," Katoo alimfafanulia. "Chini yake kuna nini?"

"Mistari miwili. Wa kuandika kumbukumbu, halafu wa kutuma meseji."

"Iko ndani?"

"Iko ndani."

Hospitali moja ya kibinafsi kule Kajiado ilitaka maneno ya rambirambi yaongezwe kwenye meseji yake. Ilikuwa meseji ya kuwafikia jamaa ambao daktari ameshawaambia kwa mdomo, kuwapa pole na kuwaelekeza ofisi ya kwenda kuhusu kuchukua mwili. Kazi ndogo. Miaka miwili nyuma Katoo angeimaliza kabla chai haijapoa. Lakini presha ya macho ilikuwa imemla kidogo kidogo, kwanza pembeni, kisha katikati, hadi herufi zikawa moshi. Vidole vyake bado vilijua kila kitufe kilipo. Kitu ambacho vidole haviwezi kujua ni mstari umeanzia wapi kwenye skrini.

Na katika lugha ile ya kompyuta, nafasi tupu mwanzoni mwa mstari si pambo. Mstari uliosogezwa ndani unautii ule ulio juu yake: mgonjwa akiwa amefariki, utafanya kazi, akiwa hai, utanyamaza. Mstari uliotoka nje hautii chochote. Utafanya kazi kwa kila mgonjwa atakayepita mbele yake.

Katoo aliandika maneno mapya ya pole. Alipobandika, mistari ikaruka huku na huku.

"Imeenda zigzag," Mutheu alisema.

"Ile imeruka sana, ishike yote, uirudishe nyuma mara moja. Unakumbuka vile nilikuonyesha?"

Alikumbuka. Aliishika mistari kwa kitufe cha mshale, mmoja baada ya mwingine. Wakati huohuo mteja akabisha mlangoni.

"Mama Nashipai! Sweta ya mtoto iko tayari?"

"Naja, ngoja kidogo!" Mutheu alijibu akigeuza shingo, kidole kikashuka mstari mmoja zaidi. Alipotazama tena alibonyeza kurudisha nyuma. Mistari yote ikajipanga. Ikapendeza macho.

"Imekaa sawa?" Katoo aliuliza.

"Imenyooka."

Katoo akaituma kazi. Mutheu akaenda kumpa mteja sweta.

Asubuhi iliyofuata simu ilikuwa ya Lennox. Lennox ndiye mwenye ile kampuni ndogo iliyomwajiri Katoo, kampuni ya watu wachache wanaotengenezea hospitali na shule mifumo ya kompyuta. Kwa kawaida huanza na mzaha. Safari hii hakusalimia.

"Katoo, umefanya nini? Hospitali meseji zimeenda kwa kila mtu. Kila mtu aliye na mgonjwa kwa wodi ameambiwa aje achukue mwili. Kuna wamama wanagaagaa pale getini!"

Katoo alikuwa ameshaanza kuipapasa meza akitafuta laptopu.

"Zima hiyo kitu!" Lennox alipiga kelele, akakata simu.

Mutheu alikuwa jikoni akisikia yote, maana Katoo siku hizi huweka simu kwa spika ili asihangaike kutafuta vitufe. Alikuja bila kuitwa. Akaifungua ile faili.

"Mstari wa kutuma," Katoo alisema polepole. "Umeanzia wapi?"

"Chini ya *if*."

"Chini yake kwa ndani, ama chini yake imelingana?"

Mutheu aliinamia skrini. Alitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Imelingana."

Katoo alifumba macho, ingawa kwake kufumba na kufumbua kulikuwa karibu kitu kimoja. Alimwambia aurudishe ndani, akamwambia asome tena, kisha tena, halafu akatuma marekebisho. Kajiado ilikuwa imeshalia.

"Nilikuuliza kama imekaa sawa," alisema.

"Nikakuambia imenyooka. Ilikuwa imenyooka."

"Si kunyooka natafuta, Mutheu! Mimi si nguo!"

Mutheu alimpa mgongo. Alikwenda kuipua chai iliyokuwa ikimwagikia jikoni.

Saa sita mchana Lennox alikuja mwenyewe. Hakuwahi kufika nyumbani kwao. Mikutano yote ilifanywa kwa kompyuta, na kila mara Katoo alizima kamera akisema mtandao wa Kitengela ni mbaya. Watu walimwamini kwa sababu mtandao wa Kitengela ulikuwa mbaya kweli.

Katoo alisikia mlango, akasimama, akanyoosha shati, akatoa mkono wa salamu.

"Karibu, boss."

Mkono ulikuwa umeelekea dirishani.

Lennox aliutazama mkono ule. Akamtazama Mutheu, na Mutheu akatazama sakafu.

"Katoo," Lennox alisema kwa sauti iliyokuwa imebadilika. "Niko huku."

Mkono ulizunguka ukimtafuta. Lennox aliushika, akauachia haraka kana kwamba umemchoma.

"Tangu lini, bro?"

"Imekuwa ikipungua pole pole."

"Inapungua aje? Unaniona?"

"Naona kuna mtu."

"Na hii kazi yote umekuwa ukifanya na nini?"

Jasho lilikuwa limemtoka Katoo juu ya mdomo.

"Na mimi," Mutheu alisema.

Lennox alicheka, kicheko kifupi cha mtu aliyeshtuka, kisha akakikata na kuketi bila kukaribishwa. Chai aliyopewa hakuigusa. Alikaa ameshika kichwa mpaka Mutheu akadhani ni mgonjwa.

"Kuna mzee amekufa," alisema mwishowe. "Anaitwa Mugo, wa hapo Isinya. Msichana wake alifanyiwa operesheni ya tumbo, na anaendelea vizuri, kesho kutwa walikuwa wamruhusu. Mzee alipata ile meseji asubuhi akikamua ng'ombe. Akachukua pikipiki ya jirani, bila helmeti, bila kitu. Hakufika. Aliingia kwa lori hapo barabara ya Namanga."

Nje mwenye kuuza mboga alipita akiita wateja, na sauti yake ikawapita wote watatu.

"Msichana?" Mutheu aliuliza.

"Yuko mzima. Ndiye alienda kutambua mwili."

Katoo alijaribu kuketi, akakosa kiti kidogo, akashika ukingo wa meza. Lennox alimtazama akihangaika na hakumsaidia. Haukuwa ukatili. Hakujua jinsi ya kumshika.

"Sikilizeni," Lennox alisema. "Mimi niko na vijana wanne ofisini. Hiyo hospitali ikituacha, na zingine zitatuacha, na hao wote warudi kwao. Nimeandika kwamba ni hitilafu ya mitambo. Iishie hapo. Wewe Katoo, nitakupatia mtu wa kukusomea, mtu wa kazi, si mke wako. Utaendelea. Hakuna mtu atajua mambo ya macho."

"Na hospitali wamekubali ni mitambo?" Katoo aliuliza.

"Wamemsimamisha karani wa mapokezi. Nthambi fulani. Wanasema ni yeye alibonyeza vibaya. Yule msichana wa marehemu alimfokea mbele ya watu wote, huyo mama akalia mpaka akabebwa. Lakini si mtu wetu. Itapoa."

Aliondoka akiwa ameinamisha kichwa. Mlangoni aligeuka, akasema, "Pole kwa macho," kama mtu aliyesahau jambo na kulikumbuka.

Nashipai, binti yao wa darasa la pili, alirudi kutoka shuleni jioni, akala, akawaangalia mmoja baada ya mwingine, akatoka kwenda kucheza kwa jirani. Mutheu alirudi kwenye cherehani. Katoo alisubiri kusikia mlio wake. Hakuusikia. Mkewe alikuwa ameketi tu mbele ya mashine, mguu juu ya pedali.

"Hushoni?" alimwuliza.

"Huyo Nthambi hakubonyeza kitu."

"Najua."

"Ni mimi nilibonyeza."

"Najua ni wewe ulibonyeza!" Maneno yalimtoka Katoo kabla hajayapima. Aliyasikia yakienda, na hakuweza kuyashika.

Mutheu aliinuka. Alikuja akasimama karibu, hata Katoo akasikia harufu ya mafuta ya mashine mikononi mwake.

"Miezi mingapi nimekuambia tuwaambie? Nikakuambia kuna vipofu wanafanya kazi na kompyuta, wanasomewa na mashine, nimesikia kwa redio. Ukasema hapana. Ukasema nikuwe macho yako. Mimi sikusomea hii kitu, Katoo. Mimi naangalia kama kitu kimenyooka."

"Wakijua sioni, nitakuwa nani?" Katoo aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Mamangu kule Kajiado anaambia kila mtu kijana wake ni wa kompyuta. Kanisani wananiita mhandisi. Nitakuwa yule mtu anashikwa mkono akipelekwa choo."

"Utakuwa Baba Nashipai. Yule mzee wa Isinya ndiye hatakuwa mtu tena."

Katoo aligeuza uso ukutani. Hakulia. Alikuwa na haya ya kulia mahali ambapo hajui nani anamwona.

Kulipopambazuka alisikia kabati likifunguliwa, akasikia kitambaa kile kizito cha leso ya kanisani.

"Unaenda wapi?"

"Kajiado, hospitali. Halafu nipitie Isinya. Wanazika leo, hawataki mwili ukae mochari, nimeuliza watu. Nitawaambia ni mkono wangu. Nthambi arudi kwa kazi yake."

"Watakuuliza wewe uliingiaje kwa kompyuta ya hospitali."

"Nitawaambia niliolewa nayo."

Katoo alikaa ukingoni mwa kitanda. Alisikia mkewe akitafuta funguo, akasikia hatua zake zikienda sebuleni, zikifika mlangoni. Akagundua kwamba kilichokuwa kikimwuma zaidi tangu jana hakikuwa kifo cha yule mzee. Ulikuwa ule mkono wake uliosalimia dirisha. Mtu amekufa, na yeye amelala akiufikiria mkono wake. Alijichukia kwa hilo, na ile chuki ikamwinua.

"Mutheu! Ngoja nivae viatu."

Hospitalini waliwekwa kwenye benchi mpaka jua likapanda. Msimamizi alipowaita hatimaye, aliwasikiliza akiwa amesimama. Mutheu alieleza. Katoo akaeleza tena kwa lugha ya kazi. Msimamizi alimsikiliza, kisha akamgeukia Mutheu.

"Huyu anaona kabisa ama haoni?"

"Muulize mwenyewe," Mutheu alisema. "Macho ndiyo hayaoni. Anasikia."

"Kwa hivyo mtu kipofu ndiye ameshika mambo ya wagonjwa wetu. Na fundi wa nguo."

"Ndiyo," Katoo alisema. "Na karani wenu hana makosa. Hiyo ndiyo nimekuja kusema."

Msimamizi alisema wataangalia. Waliangalia kweli. Nthambi alirudishwa kwenye meza yake ya mapokezi wiki iliyofuata, bila mtu yeyote kumwomba radhi. Hospitali ikavunja mkataba. Lennox hakupiga simu. Alituma meseji, na Mutheu ndiye aliyemsomea mumewe: *Ungenyamaza tu. Vijana wangu walikukosea nini?* Katoo alimwomba aisome mara ya pili, kisha akamwambia asiifute.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Siku ile waliteremka Isinya upepo ukiwa mkali na vumbi likitembea juu ya nyasi kavu. Hema lilikuwa limefungwa karibu na zizi. Ng'ombe wa Mugo walikuwa wakilia, maana aliyezoea kuwakamua hakuwepo asubuhi ile.

Shiro, binti wa marehemu, alikuwa ameketishwa kwenye kiti cha mbele, mto mdogo umekandamizwa tumboni kwa ajili ya mshono. Alikuwa na umri wa kumaliza chuo. Kando yake alisimama Macharia, baba yake mdogo, akiwapokea watu.

"Karibuni. Nyinyi ni wa wapi?" Macharia aliuliza.

"Tumetoka Kitengela," Katoo alisema. "Mzee, naomba kuongea na msichana. Mimi ndiye niliandika ile programu. Ile meseji ilitoka kwangu."

Macharia hakuelewa mara moja. Alipoelewa, alimshika Katoo kifuani, shati likakunjika ngumini mwake. Wanaume wawili waliinuka kutoka kwenye hema.

"Umekuja hapa kufanya nini? Ndugu yangu yuko kwa sanduku!"

"Baba mdogo." Ilikuwa Shiro. Hakupaza sauti, kwa sababu kupaza sauti kulivuta mshono. "Mwachilie. Nataka kusikia."

Katoo alisogezwa mbele yake. Mutheu alimshika kiwiko mpaka akajua mahali sauti ile ilipo.

"Walisema ni Nthambi," Shiro alisema.

"Si yeye. Hakugusa chochote."

"Nilimtukana. Nilimwambia akazike watoto wake." Shiro alikandamiza mto tumboni. "Sasa ni nini kilifanyika? Nieleze kama vile ungeelezea baba yangu."

Katoo alitafuta maneno. Yote aliyokuwa amejifunza kwa miaka hayakumpa hata moja.

"Kuna mstari unasema, kama mgonjwa amefariki. Chini yake kuna mwingine unatuma meseji. Huo wa pili unatakiwa kuingia ndani kidogo, ndio ujue kwamba ni wa waliofariki peke yao. Ulitoka nje. Ukatuma kwa kila mtu."

"Ulitoka kiasi gani?"

Katoo aliinua kidole gumba na cha shahada, akaviacha na mwanya. Punje mbili za mahindi zingeujaza. Shiro aliutazama mwanya ule.

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu."

"Ni mimi niliusogeza," Mutheu alisema huku machozi yakimshuka hadi shingoni. "Yeye haoni. Aliniuliza kama iko sawa, nikamwambia imenyooka. Nilikuwa naongea na mteja. Nisamehe, mwanangu."

Shiro alichukua simu kutoka kwenye mfuko wa sweta, akaishika bila kuiwasha.

"Alinipigia," alisema. "Baba. Simu yangu ilikuwa imeisha chaji, iko kwa droo ya nesi. Nilipoiwasha nikakuta alikuwa amenipigia, tena na tena. Alikuwa anasimamisha pikipiki njiani, ananipigia, anaendelea." Alipumua kwa shida. "Hakuwa ameamini. Mtu akiamini mwanawe amekufa hawezi kumpigia simu. Ningeshika hata moja."

Macharia aliyekuwa bado amekunja ngumi aliifungua, akajifunika nayo uso.

Mchungaji aliita watu kaburini. Jamaa walikwenda wa kwanza. Shiro alirusha udongo wake, akarudishwa kwenye kiti kilichosogezwa karibu. Wakafuata majirani, wakafuata watu wa kanisa. Mwisho kabisa Katoo aliuliza, kwa sauti ambayo hakukusudia isikike mbali, kama na yeye angeweza.

"Wewe, hapana," Macharia alisema.

"Aweke," Shiro alisema.

Mutheu alikuwa ameketi chini kwenye nyasi, leso usoni. Katoo hakumngoja. Aliinama, akapapasa mpaka akapata udongo, akaushika kwa mikono miwili na kuanza kwenda kule alikosikia watu. Watu walimpisha wakinyamaza, na walipomnyamazia akapoteza njia. Alipiga hatua akiuelekea ubavu wa shimo, mahali ambapo udongo ulikuwa haujashikana. Hatua nyingine ikafuata. Wapo waliomwona, na hakuna aliyesema kitu.

Shiro aliinuka. Mto ulianguka kutoka tumboni. Alitembea akiwa amejikunja, mkono mmoja umeshika mshono, akamfikia, akamkamata kiwiko.

"Hapana. Si huko. Rudi nyuma kidogo. Sasa njoo huku. Simama hapo."

"Asante," Katoo alisema.

"Usinishukuru. Sijakusamehe, na sijui kama nitakusamehe." Alikuwa akihema. "Sitaki tu mtu mwingine aanguke."

Hakumwachilia kiwiko. Katoo alifungua mikono, udongo ukaenda, akainamisha kichwa kusikiliza ukifika chini. Shiro pia alisikiliza.